Usipande Mti Hapa

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka arobaini na moja, na taabu ikaanza. Kabla ya hapo nilikuwa maskini, lakini umaskini si taabu. Maskini anajua kesho atakula nini: sombe, mboga ya majani ya muhogo. Taabu ni pale hujui kama kesho hiyo sombe itakuwa bado shambani au wenye bunduki wamekwisha kuipitia.

Habari ninayoandika ni ya kiwanja kimoja, parsele kama tunavyosema hapa Kindu, kwenye kona ya avenyu huku Mikelenge. Nitaeleza jinsi kilivyokuja kuwa changu, na jinsi kilivyotaka kunitoka uzeeni, siku ya sala na ngoma. Anayetafuta habari za vita vikubwa asome kwa wengine. Mimi niliacha shule darasa la tatu, na vita nilivyoviona ni vile vilivyopita mbele ya gurudumu la baiskeli yangu.

Kazi yangu ilikuwa kusukuma baiskeli. Nasema kusukuma, si kupanda. Unaipakia madumu ya mafuta ya mawese mpaka haionekani, unafunga fimbo kwenye usukani, unaisukuma kwa miguu yako mwenyewe hadi Lubutu, siku nyingine mpaka Kisangani. Kule unauza mafuta, unarudi na chumvi na sabuni. Miguu yangu mpaka leo iko mikubwa kuliko viatu vya sokoni. Sioni haya. Miguu hii ndiyo iliyosomesha watoto.

Wakati huo kiwanja hakikuwa changu. Kilikuwa cha bibi mmoja Mwislamu, mjane, wazazi wake watu wa Kasongo. Alikuwa mfupi na mkali, na mtandio mweupe hakuutoa kichwani hata alipokuwa anachuma majani ya muhogo. Kila mtu alimwita Bi Mukubwa. Nyumba yake ya bati ilikuwa mbele. Nyuma alitupa mahali, mimi na mke wangu na watoto, tukajenga kibanda cha udongo na kukiezeka kwa majani ya mangungu, yale ya kufungia chikwange, mkate wetu wa muhogo. Kodi hakutaka. Nilimletea kuni, na nikirudi kutoka safari, chumvi.

Sharti lake lilikuwa moja, na siku ya kwanza alilisema akiwa amesimama mlangoni.

"Muhogo panda mpaka uchoke, mwanangu. Karanga panda, mahindi panda. Nikiona mchikichi, utaondoka nao na mizizi yake."

Mtu wa mbali anaweza kudhani bibi alikuwa na roho mbaya. Hapana. Kwetu njo desturi. Mwenye ardhi akikupa mahali pa kukaa, unalima kitu kinachoota na kuisha. Mti hupandi. Mchikichi, safu, avoka, mchungwa, vyote hapana, kwa sababu mti unakaa, na anayepanda mti amesema kwamba na yeye atakaa. Matunda ni ya mkono uliopanda. Huwezi kuyachuma bila kukanyaga chini yake, na ukishakanyaga mahali pamoja miaka na miaka, nani atakuja kukuondoa? Wazee wanaosikiliza kesi za viwanja hawaanzi kwa kuuliza karatasi. Wanainua macho, wanauliza: huu mti nani alipanda?

Basi tulikaa bila mti. Kivuli tulikipata kwenye ukuta wa Bi Mukubwa.

Vita vilipoingia mjini, Bi Mukubwa aliondoka kwenda Kailo kwa kaka yake. Alibeba mkeka, sufuria, na msahafu wake aliouviringisha ndani ya kitenge. Hakuniambia nichunge nyumba. Aliniangalia tu, akaangalia paa lake, akaenda. Hata angeniambia, ningeichunga na nini? Wenye silaha walikuja mchana, na nyundo, wakapanda juu na kung'oa bati moja moja kama mtu anayechambua samaki. Nilikuwa naketi mbele ya kibanda changu nikisuka kamba. Niliendelea kusuka. Sijui neno gani mtu husema hapo.

Baada ya muda bati zikajaa sokoni. Si zake tu, za mji mzima. Na milango, na vitanda, na mashine za kushonea, na baiskeli ambazo niliwajua wenyewe. Barabara zilikuwa zimefungwa, meli haziji, treni hailii, lakini vitu vilikuwepo vingi kuliko wakati wa amani. Vilikuwa vimetoka avenyu ya pili tu. Na bei yake ilikuwa ya aibu. Mtu alikuwa anatoa bati nzima kwa bakuli la chumvi.

Mimi nilikuwa na chumvi. Njo shida yangu ilipoanzia.

Majani ya kibanda chetu yalikuwa yameoza. Kwenda msituni kukata mengine ilikuwa kutafuta kifo. Mvua ilikuwa inanyesha ndani. Watoto walilala wamejikunja kwenye kona moja iliyobaki kavu, na mke wangu alikuwa anaketi usiku mzima na beseni mapajani. Jirani yetu, fundi wa kushona, alikuwa amekwisha kuezeka nyumba yake yote kwa hizo bati za sokoni. Mvua ikinyesha tulikuwa tunasikia zinavyolia kwake, na mke wangu aliusikiliza mlio ule kama mtu mwenye njaa anavyosikiliza kinu cha jirani.

Alinipeleka sokoni mwenyewe. Tulisimama mbele ya rundo. Nikashika bati moja, nikaiinua juu, jua likapita kwenye matundu.

"Iko na matundu," nikamwambia.

"Tutaziba na lami."

"Haya matundu ni ya misumari. Kuna mutu aliipigilia kwake."

"Huyo mutu uko naye wapi, baba watoto? Mwambie akuje atushikie mwavuli."

Muuzaji akacheka, na watu wa pembeni wakacheka. Na mimi ningecheka kama lisingekuwa paa langu. Nikamjibu kwamba sinunui kitu ambacho mwenyewe anakililia mahali. Akaniambia mbele za watu kwamba nisijifanye mtakatifu, kwamba kanisani naenda Pasaka tu, na kwamba kinachonishika ni kiburi. Hapo alisema kweli. Mimi nina kiburi. Sikutaka siku moja Bi Mukubwa arudi anikute nimelala chini ya paa lake. Aliyenizuia hakuwa padri wala imamu, ni sura ya yule bibi mfupi amesimama mlangoni.

Ile chumvi niliipeleka Alunguli, ng'ambo ya mto. Huko kulikuwa na watu ambao bado walijua njia za msituni, wakaniletea majani kwa mtumbwi. Kibanda kikaezekwa upya. Mke wangu hakunisemesha siku kadhaa, lakini alilala. Nilimsikia akikoroma, na sauti ile ilinipendeza kuliko mlio wa bati.

Fundi wa kushona naye hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka. Viwanja vilikuwa vimebaki vitupu, wenyewe wako Kailo, wako Kisangani, wengine hatukujua kama wako hai. Fundi alianza kupanda michikichi kwenye viwanja hivyo, kimoja baada ya kingine. Alikuja kunishauri vilevile, kwa upendo wa jirani.

"Ndugu yangu, panda sasa. Huyo bibi akirudi atakuta mchikichi inazaa, mutazungumuza."

Nilimwuliza, asiporudi je. Akasema asiporudi hakuna hata haja ya kuzungumza. Nilibaki nalima muhogo na karanga. Kila mwaka tulipanda, tukang'oa, ardhi ikabaki tupu, tukapanda tena. Watu walikuwa wananiita mlinzi asiye na mshahara. Niliwaacha waniite.

Kisha ikaja ile siku ambayo meli ilionekana tena mtoni, na watu wakakimbilia bandarini kuiangalia tu, bila kitu cha kupakia. Baada ya hapo wenye viwanja wakaanza kurudi. Kila avenyu ilikuwa na kesi yake. Mtu anafika kwake, anakuta michikichi imesimama, na chini yake fundi wetu au mwingine kama yeye anakamua mafuta. Wengine walitambua bati zao juu ya nyumba za watu. Wazee walikuwa wanaketi kusikiliza tangu asubuhi mpaka sauti zinawakauka.

Bi Mukubwa alirudi kwa miguu kutoka Kailo, na mjukuu wake, mwanamke mkubwa mwenye watoto wake. Hakuketi. Hakuomba maji. Nyumba yake ilikuwa imebaki kuta zilizoyeyuka kwa mvua. Aliipita kama hakuiona, akaenda moja kwa moja kuzunguka kiwanja, kona kwa kona, akigusa chini kwa fimbo. Mimi nilikuwa namfuata nyuma. Alipomaliza akanigeukia.

"Uko wapi?"

"Nini, Bi Mukubwa?"

"Mti wako. Umeupanda wapi?"

"Sikupanda."

"Miaka yote hii?"

"Ulisema nisipande."

"Wewe ni mjinga," akasema, akaketi chini penye karanga, akaanza kulia. Mke wangu alileta maji. Mimi nilisimama tu. Mwanamke akilia mimi najigeuza kama baiskeli, nasubiri kusukumwa.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, aliwaita majirani wote, Waislamu na Wakristo, na mukubwa wa avenyu. Alikuwa na mche wa safu ameuleta kutoka Kailo ndani ya kopo. Akanipa mbele yao, akaonyesha kwa fimbo mahali, katikati ya kiwanja, akasema neno moja.

"Panda."

Nikapanda. Hakukuwa na karatasi wala mhuri, na sikuhitaji. Kila aliyekuwepo alielewa: toka mti ule mpaka barabarani, pamoja na kona, ni kwangu, toka mti ule kwenda nyuma, ni kwake na wajukuu wake. Alisoma dua yake kwa Kiarabu. Mke wangu akaitikia amina kwa namna ya kanisani, kwa sauti. Kisha tukala wali. Hakuna aliyeuliza mti ule utakuwa wa dini gani, wala bibi hakuniomba kitu chochote baada ya dua. Nataka hilo likumbukwe, kwa sababu ya yale yanayofuata.

Bi Mukubwa alikaa nyumba mpya tuliyomjengea upande wake, akafa kitandani kwake, akazikwa vizuri. Safu ulizaa. Yale matunda, ukiyatia kwenye maji ya moto mpaka yalainike, na chumvi kidogo, mimi sijaona nyama inayoyashinda.

Miaka iliyofuata nilipanda juu. Nasema bila kujificha. Kutoka kusukuma baiskeli nilifungua duka karibu na kona: chumvi, sabuni, mafuta ya mawese, kisha misumari, saruji, ndoo. Nilichoma matofali mwenyewe. Niliezeka kwa bati mpya, na msumari wa kwanza kuzitoboa ulikuwa wangu. Nilimpandisha mke wangu kwenye ngazi apige wa pili. Alikipiga kidole. Bado ananikumbusha.

Ile tabia ya sokoni haikunitoka. Kila kitu naangalia kimetoka wapi. Wakwe zangu wanasema ni ugonjwa. Juzi juzi kijana mmoja aliniuzia simu, kubwa, ya bei ndogo. Nilipoifungua nyumbani nikakuta picha: mwanamke amebeba mtoto, mwanamume amevaa suti, watu wako kwenye harusi, wanacheka. Nikarudi nayo sokoni kwa yule kijana. Nikamwambia simu yako ina watu ndani, uwatoe kwanza. Akasema, muzee, unafuta tu. Nikamwambia afute yeye, anirudishie changu. Tulizozana mpaka wauza samaki wakaja kuamua. Leo natumia simu ndogo ya tochi. Inaita, napokea, inatosha.

Najua mtu hawezi kuulizia kila kijiko. Ukiuliza sana utakula kwa mkono na kutembea uchi. Lakini kile ambacho kimepiga kelele chenyewe, chenye matundu, chenye picha, hicho nashindwa kukilipia.

Sasa nafika kwenye ile siku.

Mke wangu ni mtu wa kanisa la maombi, lile la uwanjani. Anaimba kwaya. Pasta wao alikuja kwetu kutoka Kinshasa, alikokulia. Mtu mzuri wa sauti, mwenye viatu vyeupe hata wakati wa matope. Kanisa lao lilikuwa la turubai, na walikuwa wanatafuta mahali pa kujenga. Kona yangu iliwapendeza, kwa sababu inaonekana kutoka pande zote. Walituma watu kuomba niwauzie. Nikakataa. Wakatuma wengine, wakaniambia ni kwa ajili ya Mungu. Nikawaambia kwamba Mungu akiihitaji anajua duka langu linafunguliwa saa ngapi.

Kisha pasta akawa kandida. Alitaka kuwa mbunge wa jimbo. Mimi sina ugomvi na mtu wa dini anayetafuta siasa. Wakati wa vita tulikula kwa mikono ya wenye dini, msikiti na misheni, bila kuulizwa kadi ya chama. Ninachotaka ni kitu kimoja: ukija kuomba kura, sema umekuja kuomba kura, ukija kusali, sali. Vikiletwa ndani ya kapu moja, mimi najua kuna kitu chini ya kapu.

Kampeni yake ilikuwa hivi. Aliwagawia wanawake vikwembe vyenye uso wake. Fundi wa kushona, jirani yangu yuleyule, njo aliyevishona, na akashona vizuri. Halafu alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na kwaya na gari la bafle, vile vipaza sauti vikubwa, na katika kila kiwanja anapanda mche mmoja wa kakao kwa mikono yake, anauombea, anapigwa picha, anaendelea mbele. Alisema kakao ni utajiri wa kesho. Huenda ni kweli.

Mke wangu alivaa kikwembe chake asubuhi. Uso wa kandida ulikuwa umeangukia nyuma, mahali pa kukalia. Nilimwambia kwamba hicho kitambaa si cha bure, amekilipia, hajui tu amekilipia kwa kitu gani.

"Kitambaa ni kitambaa," akanijibu. "Na hiki hakina matundu."

Nikaenda kufungua duka. Mwanamke akikutunzia neno miaka yote hiyo, mwachie alitumie.

Pasta alianzia kwa fundi. Na hapa njo mahali ambapo hata sasa nashindwa kumwelewa jirani yangu. Yeye, aliyeishi kwa kupanda michikichi ya ujanja kwenye ardhi ya wengine, aliyesimama mbele ya wazee kesi baada ya kesi, alifungua lango, akapiga makofi, akamwacha mtu mwingine apande mti kwenye kiwanja chake. Nilimwita kupitia juu ya ukuta, nikamwambia aangalie. Akasema mtu mkubwa kama huyo hawezi kutamani kona ya fundi cherehani. Alikuwa amevaa fulana ya kampeni na anatabasamu kwa ajili ya picha.

Kisha ngoma zikageukia kwangu. Watu walijaa kiwanjani mpaka kwenye mlango wa duka. Vijana wa kanisa walitangulia na jembe, na kabla sijainuka kwenye kiti walikuwa wamekwisha kuchimba shimo. Walichimba wapi? Kwenye kona. Hasa pale pale walipotaka kununua.

Pasta akaja na mche mikononi, amekunja suruali asichafuke.

"Baba," akasema, "nimekuja kubariki hii parsele."

"Sala yako naipokea. Muti, hapana."

"Ni zawadi, Baba. Ni ya Mungu."

"Mungu anapanda miti yake toka zamani, na sijamusikia na bafle."

Watu walicheka, lakini si wote. Kwaya haikucheka. Niliwaona wanamwangalia mke wangu, ambaye alikuwa amesimama katikati yao, na nikaelewa kwamba yeye atarudi kwao Jumapili, si mimi. Pasta aliendelea kutabasamu. Alisema kwa sauti ya upole kwamba wazee wengine wana hofu na mambo mapya, na tuwaombee. Kijana mmoja akaniambia, muzee, acha uchoyo, muti tu. Mukubwa wa avenyu alikuwepo, naye alikuwa na kofia ya kampeni kichwani. Majirani wote walikuwepo. Watu kama wale wale waliokuwa wamesimama siku Bi Mukubwa aliposema panda, sasa wangemwona mwingine anapanda. Kesho mzee gani angeuliza nia ilikuwa nini? Wangeuliza mkono ulikuwa wa nani.

Nilikuwa naenda kukanyaga ndani ya lile shimo na miguu yangu yote miwili. Kweli, nilikuwa nimekwisha kuamua kusimama humo mpaka waende.

Mke wangu alitoka kwenye kwaya. Alikuja mbele ya pasta, akapiga goti kidogo kama inavyofaa, akanyoosha mikono miwili. Pasta alidhani anataka kuombewa. Alipoinua mkono mmoja kumwekea kichwani, mche ukabaki kwenye mkono mwingine, na mke wangu akauchukua.

"Asante sana, Pasta," akasema, kwa sauti ile ya kuimba sauti ya kwanza. "Zawadi ya Mungu kwa nyumba yangu, mwanamuke wa nyumba njo anapanda."

"Mama, niachie mimi nifanye."

"Na hivyo viatu? Hapana, Pasta. Wewe uko na kazi mingi. Hii niachie."

Akainama, akauweka mche shimoni, akafukia kwa mikono yake, akakanyaga udongo pande zote kwa miguu mitupu, polepole, huku anawaangalia watu mmoja mmoja ili kila mtu aone. Kisha akaanzisha wimbo. Kwaya ingefanya nini? Ikaitikia. Pasta akafumba macho, akaomba vizuri, sala ndefu, na wapiga picha wakapiga picha: mke wangu na udongo mpaka kwenye viwiko, na uso wa kandida nyuma yake unaangalia barabara. Mjukuu wa Bi Mukubwa, aliyekuwa anaangalia kutoka upande wao, alipiga kigelegele mpaka sauti ikamkatika.

Mimi nilirudi kuketi kwenye kiti changu.

Walipoondoka, alikuja kunawa mikono kwenye ndoo ya duka.

"Sasa ule mti ni wako," nikamwambia.

"Eeh."

"Na chini yake."

"Na chini yake vilevile."

"Kwenye kiwanja changu."

"Uende kwa wazee ukanishitaki," akasema. "Watakuuliza nani alipanda."

Pasta alishinda. Mimi sikumpa kura yangu, mke wangu alimpa yake, na tulikwenda kupiga pamoja kwa pikipiki moja. Siwezi kusema amekuwa mbaya. Amelitengeneza daraja dogo la mtaani lililokuwa linatuvunja miguu, na mimi napita juu yake kila siku, siruki maji kwa ajili ya kiburi. Lakini kwa fundi, kakao ilipoanza kuzaa, vijana wa kanisa walikuja kuchuma kwa ajili ya kazi ya Mungu. Kisha wakaleta benchi moja ya kupumzikia chini yake. Kisha benchi nyingine. Siku hizi wanasali pale Jumatano, turubai liko, na fundi amewapeleka kwa wazee. Wazee wameangalia juu, wakauliza lile swali lao. Kila mtu wa mtaa anayo kwenye simu ile picha ya pasta anapanda kwa fundi. Pasta mwenyewe anasema hakuwatuma, na desturi yetu hakuijua, na huenda ni kweli. Mimi sikuingia moyoni mwake. Nimekwenda kumtolea fundi ushahidi kwamba yeye alikuwepo pale kwa miaka mingi. Ni jirani.

Wanangu wameniomba niandike nilicho nacho, wasije kugombana. Mke wangu amesema ikiandikwa, iandikwe ya watu wawili. Basi.

Mimi nina kiwanja, toka mti wa safu mpaka barabarani, isipokuwa kona. Nina nyumba ya matofali ya vyumba vinne, yenye bati. Nina duka na mizani. Nina shamba la muhogo na mpunga kwenye njia ya Kailo, na michikichi ndani yake niliyoipanda mimi. Nina pikipiki moja, baiskeli moja isiyo na breki, simu moja ya tochi, vitanda, redio, suti ya kuzikiwa.

Yeye ana cherehani. Ana vikwembe vingi, pamoja na kile. Ana mbuzi jike na watoto wake. Ana kona, na mti wa kakao ulio juu yake. Ana kuku na bata, nao wanalala upande wangu.